Si "ikawa", ni "ilikuwa": jibu kwa mhubiri wa Jeevanjee

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua.

Jumatano iliyopita nilitoka kuchukua miwani yangu kwa fundi pale Moi Avenue, nikaingia bustani ya Jeevanjee kupumzisha miguu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na wahubiri walikuwepo kama kawaida, kila mmoja na spika yake. Aliyekuwa karibu na benchi langu alifungua Mwanzo 1:2, akasoma: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu." Kisha akainua Biblia juu. "Hapa wametuficha! Kwa Kiebrania ni nchi IKAWA ukiwa! Iliharibika!" Akaanza kueleza habari za dunia ya kwanza, uasi wa Shetani na hukumu iliyofuata, vyote vikiwa vimejificha kati ya mstari wa 1 na wa 2. Watu wakaitikia amina. Kijana aliyeketi kando yangu, na soda yake na mandazi mawili kwenye karatasi, akaniuliza, "Mzee, kwani hii Biblia yetu ilitafsiriwa vibaya?"

Spika ile haikuniacha nimjibu. Namjibu sasa.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31. Nilipostaafu nikajiandikisha kusoma Kiebrania jioni, katika chuo kimoja hapa mjini. Tulianza wanafunzi 14, tukamaliza watano. Msomi wa lugha hiyo mimi siye. Lakini kitenzi anachokigombania mtumishi yule hufundishwa mapema, na siku tulipofundishwa nilicheka peke yangu, maana somo lenyewe nilikuwa nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaandika insha: "Nilifika Gikomba saa mbili. Soko likajaa." Likajaa? Lilikungoja wewe ufike ndipo lijae? Alichotaka kusema ni kwamba soko lilikuwa limejaa, hiyo ndiyo hali aliyoikuta. Baada ya hapo na aendelee: nikaingia, nikauliza bei, nikaibiwa simu. Hiyo -ka- husukuma kisa mbele hatua moja. "Lilikuwa" hukisimamisha kwanza, msomaji atazame huku na huku ajue yuko wapi.

Waebrania nao walisimulia karibu vivyo hivyo. Kisa kikisonga, kitenzi hutangulia kikiwa na va- mwanzoni: vayomer, akasema, vayar, akaona, vayehi, ikawa. Msimulizi akitaka kusimama aeleze hali, huanza na nomino, kisha kitenzi huja kwa umbo jingine lisilo na va- hiyo. Sasa tazama Mwanzo 1:2: veha-arets hayeta. "Na nchi", halafu "ilikuwa". Nomino imetangulia. Mwandishi angetaka kusema nchi ikawa ukiwa, umbo la kusema hivyo alikuwa nalo, vatehi ha-arets, na hakuliandika. Aliliweka akiba kwa mkewe Lutu. Mwanzo 19:26, vatehi, "akawa nguzo ya chumvi". Kitenzi ni kilekile cha kuwa. Umbo ndilo limebadilika, kwa sababu na yule mama alibadilika.

Anayedhani nacheza na maneno asome Yona 3:3. Yona akaondoka, akaenda Ninawi. Kisha "Ninawi ulikuwa mji mkubwa mno". Kwa Kiebrania ni ve-Nineve hayeta, muundo uleule wa Mwanzo 1:2: nomino mbele, hayeta nyuma. Kwa sheria ya mtumishi wetu ingetubidi tuhubiri kwamba Yona alipotia mguu tu, Ninawi ikawa mji mkubwa. Sijawahi kumsikia mtu akihubiri hivyo, hata Jeevanjee.

Sitaki kumwonea. Kitenzi hicho hubeba maana ya kugeuka mahali pengine, na wenye hoja yake wana andiko jingine la kuegemea: Isaya 45:18, panaposemwa Mungu "hakuiumba ukiwa". Hilo ni jambo la kujadiliwa, na mtu akiliweka mezani namsikiliza. Lakini andiko hilo lenyewe linaendelea, "aliiumba ili ikaliwe na watu", yaani linasema kusudi, halisemi nchi ilionekanaje siku ya kwanza. Hoja yenyewe wala si siri iliyofunuliwa juzi. Thomas Chalmers, mhubiri wa Uskoti, aliieneza mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wanajiolojia walipokuwa wakisema miamba ina umri mrefu mno na watu wakitafuta pa kuiweka miaka hiyo yote. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ikaitia katika maelezo yake ya pembeni, na kutoka huko imesafiri mpaka kwenye spika zetu.

Nashuku shida huingilia mlango wa Kiingereza. Katika lugha hiyo "akasema" na "alisema" hutoka sawasawa, kwa hiyo anayeifikia Biblia kwa njia hiyo hana pa kuuonea mshono. Sisi tunao mdomoni. Mwanzo 1:3 kwa Kiebrania ni yehi or, vayehi or. Kwa Kiswahili ni "Iwe nuru, ikawa nuru". Kitenzi kimoja mara mbili, kwanza cha kuamuru kisha cha kusimulia, na tofauti yote imebebwa na silabi mbele. Waliotutafsiria Union Version, ile ya 1952, walikuwa na lugha iliyowafaa kwa kazi hiyo, nao mara nyingi waliitumia vizuri sana.

Mara nyingi, nasema, maana katika mstari huohuo wa 2 kipo kitenzi ambacho kweli kinanikera, na mhubiri alikipita mbio. "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Ikatulia! Hapo Kiebrania hakina va-. Kina merahefet, umbo la jambo linaloendelea, ambalo Kiswahili huliwekea -ki-. Wala si kutulia. Mzizi huohuo umo katika Kumbukumbu la Torati 32:11, tai aliye juu ya kioto chake, na hapo watafsiri haohao waliandika "kupapatika juu ya makinda yake". Ndilo neno. Roho ya Mungu ilikuwa ikipapatika juu ya maji, kama ndege mwenye makinda. Katika "ikatulia" ndege yule ametua na kukunja mbawa. Katika "ikipapatika" bado yuko hewani, na nuru haijaitwa. Mstari mzima basi ni picha moja iliyosimama: nchi ilikuwa ukiwa, giza lilikuwa juu ya vilindi, Roho ilikuwa ikipapatika. Hatua ya kwanza ya kisa inakuja mstari wa 3, "Mungu akasema".

Kwa hiyo, kijana wa mandazi, ukiuliza kama Biblia yetu ilitafsiriwa vibaya: kwenye "ilikuwa", hapana. Kwenye "ikatulia", mimi naona ndiyo. Mtumishi naye, kama gazeti hili linamfikia, Jumatano ijayo nitakuwa benchi lilelile, na mara hii miwani ninayo tangu asubuhi. Apunguze tu spika.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi