Barua kwa Mwalimu Bakari kuhusu klabu ya MTK

Budapest,
16 Novemba

Mpendwa Mwalimu Bakari,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wote unaowanoa jioni pale Ngamiani. Mimi sijambo, isipokuwa baridi ya huku imeanza kuuma na jua linazama kabla sijatoka kazini.

Barua yako niliipata, na nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale uliposema kwamba soka la Hungaria lilianza na Puskás likaisha na Puskás. Nimeshindwa kuliacha neno hilo lipite. Nakubali kwamba Puskás, yule nahodha na mfungaji wa timu ya taifa ya Hungaria ya miaka ya 1950, alikuwa fundi, na klabu yake ya Honvéd, iliyokuwa ya jeshi, ndiyo iliyompa jina. Lakini ule mchezo uliouona kwenye filamu za zamani, wa namba tisa kuteremka katikati ya uwanja na kuwaacha mabeki wakiwa hawajui wamkabe nani, haukuzaliwa Honvéd. Ulitoka katika klabu nyingine ya jiji hili, ambayo leo inatimiza miaka tangu ianzishwe, na ndiyo sababu nimechagua siku hii kukuandikia.

Klabu hiyo ni MTK, yaani Magyar Testgyakorlók Köre, ambayo kwa lugha yetu ningeiita Chama cha Wafanya Mazoezi ya Viungo wa Hungaria. Iliundwa tarehe 16 Novemba 1888 na watu wenye uwezo wa hapa Budapest, wengi wao Wayahudi, na mpira wa miguu haukuwamo kabisa katika mawazo yao. Walikusanyika kwa ajili ya jimnastiki na mchezo wa vitara, baadaye yakaja riadha, mieleka na mengineyo, na ilipita miaka 13 ndipo mwaka 1901 wakafungua idara ya kandanda. Kwetu pia klabu kubwa zinajiita klabu za michezo, ila wewe na mimi tunajua kwamba ukiuliza habari ya mchezo mwingine zaidi ya mpira utatazamwa kama mgeni. Huku idara zile nyingine ni za kweli, zina wanachama wake na medali zake, na timu ya mpira ni mtoto aliyezaliwa nyuma kisha akawapita kaka zake kwa kimo.

Alikua haraka kweli. Ubingwa wa kwanza ulipatikana mwaka 1904, na mwaka uliofuata uongozi wa klabu ukashikwa na Alfréd Brüll, tajiri aliyeupenda mchezo kuliko mali yake, akakaa katika kiti hicho hadi mwaka 1940. Ni yeye aliyejenga uwanja kando ya barabara ya Hungária, ukafunguliwa mwaka 1912, na ni wakati wake klabu ilipoanza kuleta makocha kutoka Uingereza. Wa kwanza aliyeacha alama alikuwa Mskoti John Tait Robertson, yule yule aliyekuwa meneja wa kwanza wa Chelsea, ambaye aliwafundisha pasi fupi za Kiskoti, mpira ukitembea chini badala ya kurushwa mbele ukimbizwe.

Baada yake akaja Jimmy Hogan, na hapa naomba univumilie, kwa maana habari za mtu huyu siwezi kuzipitia mbiombio. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Vienna mwaka 1914 akiwa raia wa nchi adui, akakamatwa. Watu wa MTK ndio waliofanya mipango aletwe Budapest, akawa mateka wa aina yake: hana ruhusa ya kuondoka nchini, lakini ana uwanja, ana mipira, na ana vijana wa kuwafundisha. Husimuliwa kwamba alimwona György Orth na mwenzake Braun wakicheza katika bustani ya jiji, akawachukua. Orth huyo aligeuka mchezaji wa nafasi zote, hata golini aliwahi kusimama. Hogan aliwafundisha kwamba mpira ni kitu cha kumilikiwa kwanza, kutulizwa, ndipo utolewe kwa mwenzako aliye huru, na kwamba ukishautoa kazi yako haijaisha bali ndiyo kwanza inaanza. Najua unatabasamu, maana haya umeyaimba miaka mingi mbele ya watoto wasiosikia.

Matokeo yake yaliandikwa vitabuni: MTK ilitwaa ubingwa mara 10 mfululizo, kuanzia msimu wa 1913–14 hadi ule wa 1924–25, ukiondoa miaka miwili ambayo ligi ilisimama kwa sababu ya vita. Hogan mwenyewe aliporudi kwao Uingereza kuomba msaada kutoka mfuko wa wachezaji walioathirika na vita, husimuliwa kwamba alipewa jozi za soksi za kaki, kwa maana ya kumsuta kwamba wenzake walipigana yeye akiwa anacheza mpira kwa adui. Sijui kama kuna tusi lililopata kulipwa vizuri kuliko hilo, lakini malipo yalichukua karibu miaka 35, nitakufikisha huko.

Kabla ya hapo nikutajie kijana mmoja aliyepita katika timu ile mwanzoni mwa miaka ya 1920, jina lake Béla Guttmann. Alicheza hapa muda mfupi akahamia Vienna, kisha akazunguka dunia nzima akifundisha, mpaka akaifikisha Benfica kwenye ubingwa wa Ulaya mwaka 1961 na 1962. Kijana aliyemng'arisha katika fainali ya pili alitoka pwani yetu hii hii ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini: Eusébio wa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Siku hiyo Puskás wako aliifungia Real Madrid mabao matatu na bado alishindwa 5–3. Samahani kwa kukukumbusha.

Mambo ya huzuni sasa. Mwaka 1926 Hungaria iliruhusu soka la kulipwa, na timu ya MTK ikaanza kujiita Hungária. Ubingwa uliendelea kuja, ingawa si kwa wingi ule wa awali, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilikuwa imeanza kutunga sheria dhidi ya Wayahudi, na klabu iliyojulikana na kila mtu kuwa ya Wayahudi haikuwa na pa kujificha. Mwaka 1940 ikavunjwa. Brüll, mzee aliyeiongoza kwa miaka 35, alipelekwa Auschwitz mwaka 1944 na huko akauawa. Mwalimu, nimekuwa nikipita mbele ya uwanja ule kwa tramu namba 1 tangu nilipofika, nikihesabu vituo tu, na nilipolijua jambo hili nilishuka siku moja kabla ya kituo changu, nikasimama pale bila kuwa na la kufanya.

Klabu ilifufuliwa mwaka 1945, na haikupita miaka mingi wakomunisti wakaitwaa. Sisi tuliiona Sunderland ikiwa Simba mwaka 1971, tukaona ni habari kubwa. Wenzetu hawa katika miaka minane hivi walivaa majina matatu wasiyoyataka: kwanza Textiles, ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kisha Bástya, maana yake ngome, iliyokuwa chini ya polisi wa siri, halafu Vörös Lobogó, yaani Bendera Nyekundu. Jina la MTK lilirudi baada ya mapinduzi ya 1956 kuitikisa nchi. Ajabu ni kwamba chini ya majina hayo ya kubandikwa walicheza mpira bora kuliko wakati wowote, wakatwaa ubingwa mwaka 1951 na 1953.

Kocha wao alikuwa Márton Bukovi. Alipompoteza mshambuliaji wake mwenye nguvu, aliyeuzwa Italia, hakutafuta mwingine wa umbo lile. Alimchukua Péter Palotás, mtu wa pasi na akili, akamvalisha namba tisa na kumwambia arudi nyuma. Beki wa kati wa timu pinzani akawa na mambo mawili mabaya ya kuchagua: akimfuata, anaacha shimo nyuma yake ambamo wengine wanaingia, akibaki, Palotás anageuka kwa raha zake na kugawa mpira. Katika timu ya taifa kazi hiyo ilianza na Palotás huyo huyo, hadi siku moja ya Septemba 1952 kule Bern, Hungaria ikiwa nyuma 2–0 dhidi ya Uswisi, alipotolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mwenzake wa klabu, Nándor Hidegkuti. Mchezo uliisha 4–2 kwa Hungaria, na nafasi ile ikawa ya Hidegkuti.

Tarehe 25 Novemba 1953, uwanja wa Wembley kule London, unaijua. Hungaria 6, Uingereza 3. Wengi husema ni mechi ya Puskás, na mabao mawili ni yake kweli, lakini Hidegkuti alifunga la kwanza kabla ya dakika ya kwanza kuisha na akamaliza na matatu. Beki wa kushoto Lantos na kiungo Zakariás nao walikuwa wa klabu ile ile. Jukwaani alikuwapo mzee wa miaka 71, amewaleta vijana wa Aston Villa waje kujionea: Jimmy Hogan. Baada ya mechi viongozi wa Hungaria walisema wazi kwamba mpira ule walifundishwa na yeye. Soksi za kaki zililipwa siku hiyo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa kifupi. Kombe la Ulaya la klabu bingwa lilipoanza mwaka 1955, Palotás ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya mashindano hayo, Anderlecht ikilala 6–3. Mwaka 1964 MTK ilifungwa na Celtic 3–0 kule Glasgow, ikarudi Budapest ikashinda 4–0 na kuingia fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Fainali hiyo dhidi ya Sporting ya Lisbon ilikwisha 3–3 Brussels, ikarudiwa Antwerp siku mbili baadaye, na Wareno wakashinda 1–0 kwa kona iliyopigwa na Morais ikaingia moja kwa moja wavuni. Kona, Mwalimu! Baada ya hapo ubingwa ulikuja mara chache, wa mwisho ukiwa wa 2008, jumla 23, na katikati yake kumekuwa na kushuka daraja na kupanda tena.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwatazama. Uwanja mpya wa 2016, uliojengwa mahali pale pale pa zamani na kuitwa kwa jina la Hidegkuti, una viti elfu tano hivi, na majukwaa yapo pande mbili tu za urefu. Nyuma ya magoli kuna kuta za zege, ndefu na za kijivu, kiasi kwamba shuti likipaa linagonga ukuta kwa kishindo na kurudi lenyewe uwanjani. Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini bila kuziangalia, akanimiminia nyingine kiganjani bila kuniuliza. Watani wao wa jadi ni Ferencváros, ambao wamekuwa wakikutana nao tangu 1903, nikamuuliza kama siku hiyo uwanja hujaa. Akasema hujaa, ila wanaoujaza ni wageni. Utani huo si mwepesi kama wetu. Matusi dhidi ya Wayahudi yamewahi kusikika majukwaani, na mzee hakutaka kuyazungumza.

Kuna wakati namba sita wao alipokea mpira akiwa amezungukwa na watu wawili, na badala ya kuubutua akautuliza, akaupasia mguuni kwa beki, akasogea, akaupokea tena akiwa peke yake. Haikuzaa bao. Mzee aliacha kutafuna, akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

Niandikie unaonaje kuhusu Palotás, na kama yule kijana wako mrefu wa namba tisa anaweza kukubali kurudi nyuma. Nitakutumia skafu ya buluu na nyeupe kwa mkono wa mtu anayekuja Tanga mwezi ujao. Wasalimie wote wa mtaani.

Wako katika urafiki,
Salim