Kafyu imeondoka, mafunzo ya kaunta yabaki

Tukiwapigia simu wenye maduka ya vyakula, bucha na hoteli ndogo hapa Mombasa kupanga siku ya mafunzo ya usafi na kuzuia maambukizi, wengi hutuuliza: kafyu ya Korona si imeondoka, barakoa si lazima tena, sasa wafanyakazi wangu wafunzwe nini? Swali ni la haki. Saa mbili za mfanyakazi ni pesa, na duka la chakula halifungwi hivi hivi kwa sababu ya hotuba. Basi tueleze kwa kirefu kwa nini bado tunaliona jambo hili kuwa la lazima, na tukija kwako tunafanya nini hasa.

Kumbuka kanuni zilivyokuja. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alithibitishwa Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na hoteli zilikuwa zimeshaambiwa ziuze chakula cha kubeba tu. Mwisho wa Aprili zikaruhusiwa kuketisha wateja kwa masharti: wafanyakazi wapimwe Korona kwanza, mteja apimwe joto mlangoni, meza zitengane mita moja na nusu, watu wasizidi wanne kwa kila mita 10 za mraba, na mtu asijipakulie mwenyewe. Wenzetu wa Mji wa Kale ruhusa hiyo haikuwafaa kwa muda mrefu, maana Mei 6 mtaa wao ulifungwa siku ile ile na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, hoteli zake zikafunga milango. Juni kafyu ikasogezwa saa tatu usiku, mwisho wa Septemba saa tano, Novemba ikarudishwa saa nne. Iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, na Machi 2022 ikaondoka amri ya barakoa kwenye maeneo ya wazi.

Kwa mwenye duka dogo, kila tangazo lilikuwa karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani. Ukutani kulijaa. Lakini ukimuuliza kijana wa kaunta kwa nini barakoa ifunike pua, au kwa nini bafe, yaani chakula cha kujipakulia, ilikatazwa, wengi walikuwa na jibu moja tu: tumeambiwa. Mtu wa namna hiyo hutii akiwa anatazamwa. Anayejua ugonjwa unapita njia gani hutii hata akiwa peke yake dukani saa kumi na mbili asubuhi, na kanuni ikibadilika kesho ataielewa bila kusomewa upya. Ndiyo sababu sisi hatuanzi na orodha ya kanuni. Tunaanza na njia: ugonjwa huu unapita kwa pumzi, huu kwa maji na mikono, huu kwa kugusana ngozi kwa ngozi.

Na maradhi hayajaacha kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona Mei 2023. Wakati huo nchi yetu ilikuwa katikati ya mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) nchini akapatikana Taita Taveta, naye alikuwa dereva wa masafa marefu. Wenye hoteli za kandokando ya barabara ya Nairobi, kuanzia Mariakani hadi Voi na kuendelea, wanajua vizuri ni nani wanaokula kwao kila siku.

Sasa tuje kaunta yenyewe, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Simama mbele ya meza ya mahamri alfajiri yoyote. Mteja anatoa noti ya shilingi mia, kijana anaipokea kwa mkono wa kulia, anahesabu chenji, kisha mkono ule ule unashika mahamri manne. Karatasi za kufungia zimeshikana, basi analamba kidole gumba, anachomoa moja, anafunga, anampa mteja. Sekunde chache tu. Lakini katika sekunde hizo mate yameingia kwenye karatasi, uchafu wa noti umeingia kwenye mahamri, na chochote kilichokuwa kwenye noti kimefika mdomoni mwa kijana mwenyewe. Sisi hatujawahi kuona tangazo la serikali linalotaja kulamba kidole gumba. Hilo ataliona tu mtu aliyesimama pale akatazama.

Dawa yake ni nyepesi ukiamua. Karatasi zitobolewe kona, zitundikwe kwenye ndoano, zivutwe moja moja. Mahamri yashikwe kwa koleo, na koleo iwe na sahani yake, isilale juu ya meza. Mkiwa wawili, mmoja ashike pesa na mwingine ashike chakula, na msibadilishane katikati ya foleni. Ukiwa peke yako, chagua: mkono wa kushoto wa pesa, mkono wa kulia wa koleo. Siku za mwanzo itakera na foleni itasonga polepole. Vumilia wiki moja, mkono utazoea.

Malipo ya simu husaidia sana hapa. Mnamo Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, na msamaha huo ukaendelea mpaka mwisho wa mwaka. Watu wengi walijifunza kulipia hata chai kwa simu wakati huo. Nambari yako ya malipo iandike kwa maandishi makubwa, uibandike mahali mteja aisome bila kukukabidhi simu yake. Simu yako mwenyewe nayo ihesabu kama noti: ukiishika, mikono ioshwe kabla ya kurudi kwenye chakula.

Kuhusu glavu tuna msimamo, na wateja wengine hawaupendi. Kwa duka dogo, glavu zinadanganya. Mfanyakazi akizivaa saa moja asubuhi huona amemaliza wajibu wa usafi mpaka mchana. Atapokea pesa nazo, atajifuta jasho nazo, atafungua jokofu nazo, kisha akate nyama. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani Aprili 2020 kwa biashara za chakula ulisema wazi kwamba glavu hazichukui nafasi ya kunawa mikono. Ukiweza kuzibadilisha kila unapobadili kazi, vaa. Kama jozi moja ndiyo ya siku nzima, pesa hiyo nunulia sabuni.

Tunasikia kilio cha maji, na ni cha kweli. Mombasa wengi wetu tunanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, na mwenye kibanda hawezi kuacha bomba likimwagika. Basi fanya hivi: weka ndoo yenye bomba dogo na beseni chini yake. Lowesha mikono, funga bomba. Paka sabuni, sugua kwa sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Kisha fungua bomba, suuza. Kinachoondoa uchafu ni sabuni na kusugua, wala si wingi wa maji. Taulo moja la watu wote liondoke leo, mikono ikauke kwa hewa au kwa karatasi. Kitakasa mikono hufaa pale tu mikono haina mafuta wala unga, na kiwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Mkono uliotoka kukanda unga unataka sabuni.

Meza na vipini vya milango tunafunza kusafisha kwa hatua mbili, na hapa ndipo maduka mengi hupoteza dawa yao bure. Klorini ikikutana na mafuta ya samaki au damu ya nyama hupungua nguvu. Kwa hiyo meza ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, isuuzwe, ndipo ipakwe dawa. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vikubwa, yaani mililita 30, kwa lita moja ya maji baridi vinatosha kwa meza na vipini. Iache ilowe dakika chache, kisha pale chakula kinapogusa suuza kwa maji safi. Changanya mpya kila siku. Usiichanganye na siki, wala na dawa nyingine ya choo, hewa inayotoka inaumiza mapafu. Na tafadhali, dawa hiyo isikae kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kama umeiandika, maana watoto hawasomi.

Chakula cha kubeba kilituletea tatizo lingine ambalo bado lipo. Wakati wa kafyu wengi walizoea kupika mapema na kupakia biriani au pilau kwenye vyombo, vikae kaunta vikisubiri wateja. Joto letu la pwani halisamehe. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Mbaazi za nazi ndizo za kuangaliwa zaidi: sufuria iwe juu ya jiko la makaa muda wote, mpakulie mteja anapofika. Kile unachookoa kwa kupakia mapema utakilipa mteja akiumwa tumbo.

Tumelibakiza la mfanyakazi mgonjwa, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kukuambia kwamba ameharisha usiku kucha, kwa sababu akikuambia amekosa chakula cha watoto. Atameza dawa, atakuja, atakata kachumbari. Hata umfunze namna gani, usipolimaliza jambo la pesa hajafunzika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa ya angalau siku saba kwa malipo kamili na siku saba kwa nusu malipo kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Kwa vibarua wa siku, kubalianeni mapema, kabla ya mtu kuugua: akiwa na homa, kikohozi, tumbo la kuendesha au vidonda vya ngozi, atapata kiasi gani akikaa nyumbani? Mnaweza kumpa kazi isiyogusa chakula akipata nafuu, mradi asiwe anaambukiza. Aliyeharisha, sisi hushauri asirudi jikoni mpaka zipite saa 48 tangu tumbo litulie. Mwenye duka mmoja alituambia hawezi kumudu kumlipa mtu aliyelala. Tukamuomba apige hesabu ya duka lililofungwa na bwana afya wiki mbili, kisha alinganishe.

Upande wa makaratasi hauna mengi. Kila anayegusa chakula awe na cheti cha afya, ambacho hutolewa baada ya kupimwa upya kila miezi sita; andika tarehe ya kila mmoja kwenye kalenda ya dukani ili zisiwapite. Ongeza daftari moja la mafunzo: tarehe, jina, alichofunzwa, sahihi yake. Afisa wa afya ya umma akifika, daftari hilo na mikono safi ya wafanyakazi wako vitamweleza mengi kuliko mabango.

Sisi mafunzo tunayafanya dukani kwako, si ukumbini, kwa vile beseni lako, jiko lako na foleni yako ndivyo vinavyotufundisha la kusema. Mara nyingi tunakuja baada ya adhuhuri wateja wakipungua. Kwanza tunatazama kimya kazi ikiendelea, kisha tunazungumza, kisha kila mmoja anafanya kwa mikono yake huku wenzake wakimtazama. Baada ya wiki chache tunarudi bila kutangaza, si kwa ajili ya kumkamata mtu, bali kuona ni lipi limeshika na lipi limeteleza.

Tunaomba jambo moja tusilolipunguza: mwenye duka awepo, na awe wa kwanza kunawa. Kijana akimwona bosi akionja mchuzi kwa kijiko na kukirudisha sufuriani, maneno yetu yote yamekwisha hapo.

Ukitaka tuje, tutumie ujumbe wenye idadi ya wafanyakazi, unauza nini, na saa ambazo duka huwa na watu wachache. Siku hiyo tuandalie ndoo, sabuni, chupa ya klorini unayotumia, na koleo kama unayo. Vyeti vya afya navyo viwe karibu, tutavipitia tarehe pamoja.