Dawa ya wadudu ya kupimiwa kwenye chupa za soda inatumalizia watoto

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya sumu maana naona tunazika tu halafu maisha yanaendelea.

Mi ni mkazi wa Magu, huku kwetu ni pamba, na msimu wa kupiga dawa ukishaanza ndo utasikia mtoto wa fulani kanywa sumu. Nenda gulioni uone. Jamaa kapanga chupa zake chini kwenye turubai, anakupimia dawa ya wadudu kwa kifuniko, viwili au vitatu kutegemea una shilingi ngapi, anamimina kwenye chupa ya soda, anaziba na kipande cha nailoni, umemaliza. Hamna lebo wala jina la dawa, hata ile alama ya fuvu hamna. Na nyingi ukizichanganya na maji zinakuwa nyeupe kama maziwa. Ikifika nyumbani inasukumwa uvunguni, sasa mtoto wa miaka miwili akiikuta anajua nini zaidi ya kwamba ni soda?

Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, yanakaa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Halafu mtoto akishakunywa mama anamtia kidole kooni atapike, kumbe akitapika ndo yanaingia kwenye mapafu na kumuumiza zaidi. Jamani msiwatapishe, na maziwa siyo dawa ya sumu, mkimbizeni hospitali.

Nyingi ya hizi dawa za wadudu zinashambulia neva, utaona mtu anatokwa jasho na mate, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinajaa maji, pumzi inakata. Atropini, dawa ya hospitali ya kupambana na sumu hiyo, ipo na inaokoa watu, ila inatakiwa mapema, na daktari anahitaji kujua mgonjwa kanywa nini. Sasa ndugu wanafika mikono mitupu, wakiulizwa wanasema kala kitu kibaya, chupa wameshaitupa chooni kwa sababu ya aibu na kuogopa polisi. Na hata wangekuja nayo ingesaidia nini, imeandikwa soda!

Siyo watoto tu. Kuna vijana na kina mama wanaokunywa kwa hasira baada ya ugomvi, hili hatupendi kulisema ila wapo na wanatuuma. Wengi wao wakinusurika wanajuta kabisa, maana ile hasira huwa inapita. Sumu kali isipokuwepo ndani ya nyumba, mtu anabaki hai mpaka hasira ipite. Sri Lanka walilifanyia kazi hili, wakapiga marufuku zile dawa hatari zaidi kidogo kidogo, mwaka 1995 zikaondolewa nyingi na kati ya 2008 na 2011 zikafuata zingine ikiwemo parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo mpaka leo haina dawa ya kuizuia. Vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya miaka kama 20, na mashamba yao yaliendelea kuzaa vilevile.

Sisi pia tunaweza tukitaka. Mwaka 1999 Ulaya walipofungia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, kanda yote hii ilihangaika mpaka soko likafunguliwa tena, kwa sababu ilikuwa ni hela. Mtoto wa mkulima naye ahangaikiwe hivyo hivyo.

Naomba TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na halmashauri zetu wafanye hivi: wenye viwanda walete chupa ndogo zenye lebo ya Kiswahili na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, maana mkulima wa ekari moja haendi kwa mpimaji kwa kupenda, lita nzima hana uwezo nayo. Chama cha msingi cha ushirika nacho kitenge stoo yenye kufuli, watu waache dawa huko huko. Na mkusanya ushuru anayempitia yule mpimaji kila siku ya gulio apewe na kibali cha kumfungia biashara.

Mkulima wa pamba, Magu, Mwanza