Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Newala. Tunaomba utusikilize kuhusu maabara yetu na vijidudu tunavyojifunza humo.

Mheshimiwa, mwaka 1952 katika uwanda huu wa Makonde ulizuka ugonjwa wa homa ulioambatana na maumivu ya viungo makali kiasi kwamba wagonjwa walijikunja wakashindwa kunyooka, na kutokana na hali hiyo ukapata jina la Kimakonde, chikungunya. Virusi vyake vilitengwa maabara kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa huku, na leo jina hilo la wazee wetu linatamkwa na madaktari wa India, Brazil na Italia. Tunaliona kuwa ni deni kwetu: ugonjwa wenye jina la lugha yetu haustahili kuwa mgeni kwa watoto wa Newala.

Uwanda wetu hauna mito, hivyo maji yaliwekwa akiba majumbani, na mbu aina ya Aedes wanaoeneza virusi hivyo wakapata pa kutagia. Desturi hiyo ya akiba bado tunayo. Kwa sababu hiyo wanachama walichota maji kwenye mitungi na mapipa ya nyumbani kwao. Katika mtungi mmoja tulikuta viluwiluwi vikining'inia kichwa chini, vikivuta hewa kwa kijimrija cha mkiani, na chini ya hadubini tuliona utumbo mweusi ukitukutika ndani ya mwili unaopenya mwanga. Virusi vyenyewe hadubini yetu haiwezi kuvionyesha, kwa kuwa ni vidogo mno, lakini mama mwenye mtungi ule aliumwaga siku hiyohiyo, akausugua na kuufunika.

Tulichunguza pia karanga zilizoanikwa chini zikanyeshewa, zikaota ukungu wa kijani-manjano. Ukungu wa namna hiyo huweza kutoa sumukuvu, ambayo haimaliziki kwa kuchemsha wala kukaanga, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadubini tuliyo nayo ni moja kwa wanachama 40, nayo hutegemea kioo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo wingu likitanda kazi husimama. Tunakuomba utusaidie kupata hadubini tatu zenye taa, sufuria ya presha ya kutakasia vifaa, na usafiri wa siku moja kwenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, ambako karanga na korosho zetu hufanyiwa utafiti. Mitungi ya kuchunguzwa ipo, na wazazi wamekwisha kuturuhusu.

Tunaomba kuwasilisha.