Mvua imeanza tena huku Katesh

Katesh, 30 Novemba 2025

Shoga yangu,

Salamu baadaye, nakuwahi kabla simu haijazima. Najua, miezi minne sijajibu. Utanigombeza tukionana.

Mvua imeanza. Jumatano hii inatimia miaka miwili tangu tope lishuke kutoka Mlima Hanang. Wingu likikaa mlimani, mtaa mzima unanyamaza. Wataalamu walishasema si volkano, ni mwamba uliolowa maji ukameguka, lakini nani anakumbuka hayo usiku? Yule jirani wa mbaazi analala na viatu miguuni. Wanawe pia.

Sasa mwenyekiti kaniteua niwe msikilizaji wa kina mama, kila Alhamisi nyuma ya kanisa. Mimi, na mdomo huu! Siku ya kwanza jirani akaanza, "Nikisikia mvua kwenye bati..." nami nikadakia, "Pole mama, mapenzi ya Mungu, jikaze." Akajifunika kanga, hakusema tena hadi tunaondoka. Hilo "jikaze" linaniwasha mpaka leo.

Ndipo nikawakumbuka wale bibi wa Zimbabwe ulionisimulia, wanaoketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati. Dkt. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 tu pale Mbare, Harare, mwaka 2006. Wao husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Huku nako hakuna anayesema ana sonona, watu "wana mawazo". Ulisema bibi hakimbilii kushauri: anauliza, anauliza, mpaka mwenyewe achague tatizo moja la kuanza nalo.

Basi Alhamisi iliyopita nikajibana. Kimya kilivyorefuka, nikahesabu mabati ya kanisa! Mwishowe jirani akasema anachotaka kwanza ni watu wa kukesha kwa zamu mvua ikinyesha, ili wengine walale. Hicho tu. Tungekijuaje, nami nilishamwambia ajikaze? Zamu yangu ni Jumanne, na radi unajua ninavyoiogopa.

Bado yule kijana wa bodaboda. Hali, hasemi, na kwenye kina mama hawezi kuja...

Ile karatasi ya wale bibi, ya maswali 14 ya kupima mawazo ya mtu, unayo kwa Kiswahili? Utanipigia picha? Huyo kijana nimpeleke hospitali moja kwa moja, au nianze kuketi naye? Mtu akilia, unamshika mkono au unamwacha? Na yule bwana wa Chukwani, alirudi au ndiyo basi?

Wako wa Katesh