Risala ya sisi tunaowauguza wagonjwa wa Parkinson wilayani Hai

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu na wote mliofika, shikamoo kwa wenye shikamoo zao, wengine mambo vipi.

Sisi tuliosimama hapa ni wake, watoto na wajukuu wa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, na leo hatujaja kuongelea kutetemeka maana hiyo kila mtu anaiona, tumekuja kuongelea kichwa. Watafiti walipita humuhumu Hai nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka 2008, wakakuta wagonjwa 33 na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Sasa kama mkono unaotetemeka hadharani haukujulikana, akili inayopotea ndani ya nyumba nani ataijua?

James Parkinson mwenyewe, daktari Mwingereza ambaye ugonjwa una jina lake, aliandika 1817 kwamba akili haiguswi. Alikosea, ugonjwa ukikaa miaka mingi wengi wanaingia kwenye dimensia, yaani akili inapungua mpaka mambo ya kila siku yanawashinda, tena mara nyingi haianzii kwenye kusahau majina, mzee anashindwa kuhesabu chenji, mchana kutwa anasinzia, asubuhi anapiga stori vizuri tu jioni hajui yuko wapi, halafu anaanza kuona watu. Bibi mmoja wa kwetu alikuwa anamimina chai vikombe vinne, eti vya watoto waliokaa kwenye kochi, na kochi halina mtu. Majirani wakasema karogwa. Jamani ni protini imejikusanya kwenye ubongo, hakuna mchawi hapo!

Kinachotuuma zaidi ni dawa. Akianza kuona vitu anachomwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, anakakamaa hata kumeza hawezi, kumbe ile sindano inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, ileile aliyopungukiwa. Benzhexol, dawa nyingine ya kutetemeka, nayo ni bei rahisi basi wazee wanapewa tu, na inawachanganya zaidi (ila msikimbilie kuzitupa nyumbani, kuacha ghafla nako ni hatari, mrudisheni kwa daktari).

Tunachoomba mheshimiwa, levodopa, dawa inayorudishia ubongo dopamini, ipatikane mwezi kwa mwezi huku huku wilayani, wauguzi wa zahanati wapigwe semina, na rivastigmine ambayo inasaidia kidogo hii dimensia tuambiwe tunaipataje. Na mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili apimwe malaria na mkojo kwanza, wasituambie ni uzee.

Ya viti na turubai za kikundi tutakushika pembeni wakati wa chakula, usikimbie.

Tunaomba kuwasilisha.