Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kufutwa kwa Uanachama kwa Sababu ya Michango ya Ziada Isiyolipwa

Ndugu wanachama,

Jambo lililoishughulisha zaidi kamati mwaka huu ni kufutwa kwa uanachama wa wenzetu ambao hawakulipa mchango wa ziada. Hesabu zimo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitazirudia.

Chama chetu ni cha bima ya pamoja. Madai ya fidia yanapozidi ada na akiba, hakuna mwenye hisa wa nje wa kubeba hasara, hivyo pengo huzibwa na sisi wenyewe kwa mchango wa ziada. Asiyelipa haipunguzi hasara hiyo hata kidogo, kwa kuwa sehemu yake huwaangukia waliokwisha kulipa. Chama cha Ancient Order of United Workmen, kilichoanzishwa na John Jordan Upchurch huko Meadville, Pennsylvania, mwaka 1868, kiliwachangisha wanachama dola 1 kila mmoja mwenzao alipofariki. Katika vyama vya namna hiyo wanachama walizeeka, vifo vikaongezeka, michango ikafuatana, na vijana wakaona afadhali wakae nje, waliobaki wakalemewa. Kwa hiyo naamini kwamba kanuni ya kufuta uanachama, ingawa ni chungu, inawalinda wanaolipa.

Wengi hudhani kwamba kufutwa huondoa deni, na dhana hiyo imewaumiza baadhi yetu. Kinga ya bima hukoma tarehe iliyotajwa katika notisi, na ajali itakayotokea baada ya hapo haitalipwa; lakini mchango unaohusu hasara zilizotokea mtu alipokuwa bado mwanachama unaendelea kudaiwa. Vivyo hivyo, anayerejeshwa baada ya kulipa malimbikizo hapati fidia ya hasara iliyomkuta katikati, wakati hakuwa na kinga.

Ukali huo unatulazimu kuwa waangalifu sana na notisi. Haifai mtu apoteze kinga kwa barua iliyotumwa kwenye anwani aliyokwisha kuihama, kwa hiyo nawasihi mpeleke anwani na namba zenu mpya kwa katibu. Notisi nayo sharti itaje kiasi kinachodaiwa, siku ya mwisho ya kulipa na haki ya kukata rufaa.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe malipo ya awamu kwa mwanachama atakayeeleza shida yake kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, kinga yake ikiendelea maadamu hakosi awamu yoyote.